Mshahara Upo, Moyo Haupo



Kwa kawaida ukurasa huu wa afya huzungumzia malaria, kuhara kwa watoto, lishe ya mama mjamzito, kisukari na shinikizo la damu. Hayo ni magonjwa ambayo mtu akienda zahanati hupimwa, akaambiwa jina la kinachomsumbua. Mwezi huu twataka kuzungumzia hali isiyoonekana kwenye hadubini, lakini imo katika nyumba nyingi za parokia zetu, hasa za mijini. Ni hali ya mtu mwenye kazi nzuri ya ofisini, mwenye meza, kompyuta na mshahara wa kila mwezi, ambaye moyo wake umeikinai kazi hiyo kabisa.

Mtu huyo twamfahamu. Huenda ni mume wako, ni binti yako uliyemsomesha kwa kuuza ng'ombe, au ni wewe mwenyewe. Jumapili jioni, wengine wanapocheka sebuleni, yeye amenyamaza. Akiikumbuka Jumatatu tumbo lamkata. Asubuhi huamka amechoka ingawa amelala usiku kucha. Akifika ofisini hufungua kompyuta, huitazama orodha ya kazi, kisha huchukua simu na kuangalia picha za watu asiowajua. Kazi ya nusu saa humchukua siku nzima. Akirudi nyumbani na kuulizwa, "Kazini kulikuwaje?" hujibu, "Kawaida tu." Basi, mazungumzo yamekwisha.

Kwa nini hasemi? Kwa sababu anaona haya. Mtaani kwake wamo vijana wenye shahada wanaozunguka na bahasha za vyeti mwaka wa tatu sasa. Nani atamsikiliza mfanyakazi wa benki, wa bima au wa kampuni ya simu akilalamika kwamba kazi yake haina ladha? Ataambiwa hana shukrani. Ataambiwa, "Kama umeshiba, mwachie mwingine." Kwa hiyo hunyamaza, na kile asichokisema kwa mdomo hukisema kwa njia nyingine: kwa hasira juu ya watoto, kwa chupa, kwa kuchelewa kurudi nyumbani.

Maoni yetu ni haya: kuikinai kazi si uvivu, wala si utovu wa shukrani. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Homa haiponi kwa kumkemea mgonjwa, wala kila mwenye homa hapewi dawa moja. Kwanza hutafutwa chanzo. Na mahali pa kuanzia kukitafuta ni nyumbani, pale watu wa familia wanapokubali kusikia habari hiyo bila kuhukumu.

NI HALI YA KALE

Mtu asidhani kwamba jambo hili limeletwa na kompyuta. Karne ya 4 aliishi katika jangwa la Misri mmonaki aitwaye Evagrius Ponticus, aliyefariki mwaka 399. Yeye aliandika juu ya adui aliyewashambulia wamonaki wakiwa peke yao vyumbani mwao, akamwita pepo wa adhuhuri, jina lililotoka katika tafsiri ya Kigiriki ya Zaburi ya 91. Alisema pepo huyo humjia mmonaki saa ya nne na kumzingira hadi saa ya nane. Watu wa zama zile walihesabu saa tangu jua lichomozapo kama sisi tuhesabuvyo kwa Kiswahili, kwa hiyo saa zake ndizo saa zetu: saa nne asubuhi hadi saa nane mchana.

Tazama alivyoieleza hali yenyewe. Jua huonekana halisogei. Mmonaki huchungulia dirishani mara kwa mara, hutoka nje kulitazama jua, huangalia huku na huku kama kuna ndugu anayekuja kumtembelea. Huanza kupachukia mahali alipo, kuichukia kazi ya mikono yake, na kuona kwamba wenzake hawana upendo. Huwaza mahali pengine ambako kazi ni nyepesi na watu ni wema zaidi. Weka simu mahali pa dirisha, na utamwona mfanyakazi wa ghorofa ya tano katikati ya jiji, saa tano na nusu asubuhi.

Hali hiyo ndiyo iliyokuja kuingia katika orodha ya vilema vikuu saba tulivyofundishwa katika katekisimu, na kwa lugha yetu ikaitwa uvivu. Hapo ndipo tulipopoteza kitu. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliieleza kuwa ni aina ya huzuni, huzuni inayomfanya mtu asipendezwe tena na jema lililo mbele yake. Hatusemi kwamba haina hatari kwa roho, inayo. Twasema tu kwamba mtu anayezama katika huzuni hasaidiwi kwa kuitwa mvivu. Aghalabu huzama zaidi.

KWA NINI OFISINI

Mkulima huliona hindi lake. Seremala huuona mlango ukifungwa na kufunguliwa. Mkunga humsikia mtoto akilia. Lakini chukua mfano wa karani ambaye kazi yake ni kuhakiki sehemu ya tatu ya fomu yenye sehemu tisa. Hakuiona ilipoanza, wala hataiona itakapoishia. Mwenye fomu hamjui. Akikosea ataitwa, asipokosea hakuna atakayemwambia neno. Kesho fomu ni zile zile. Mtu huyo halimi wala habebi mizigo, lakini jioni amechoka kuliko aliyebeba.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, Marekani. Waliona kwamba yale yanayomfanya mtu achukie kazi, kama vile kanuni mbovu za ofisi, usimamizi mbaya na mshahara mdogo, si kinyume cha yale yanayomfanya aipende. Yanayompa mtu ari ni kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa wajibu, na kazi yenyewe kuwa na maana. Wenzao wengine walibishana nao kuhusu mengi, lakini jambo moja kila mwajiriwa analielewa: nyongeza ya mshahara huondoa manung'uniko kwa muda, haileti mapenzi ya kazi.

Miaka ya 1970 Wamarekani wengine wawili, Richard Hackman na Greg Oldham, walitaja mambo matano yanayoipa kazi uhai: kutumia ujuzi wa namna mbalimbali, kuifanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho, kujua kwamba yafaa watu, kuwa na uhuru wa kuamua namna ya kuifanya, na kuambiwa kama umefanya vizuri au vibaya. Msomaji aliye kazini na aipime kazi yake kwa vipimo hivyo vitano. Huenda akagundua kwamba tatizo lake si kazi yote, bali ni kimoja au viwili kati ya hivyo vilivyokosekana.

Kanisa nalo halikukaa kimya. Papa Pius XI, katika barua yake Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, alisikitika kwamba vitu visivyo na uhai hutoka kiwandani vikiwa vimetengenezwa vizuri, na huku watu hutoka humo wameharibika. Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi iko kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Basi, anayeuliza kama kazi yake inamjenga au inambomoa hakufuru. Anauliza swali ambalo Mapapa wameliuliza kabla yake.

MWILI NAO HULIPA

Huko London, kuanzia mwaka 1985, Profesa Michael Marmot na wenzake walianza kufuatilia afya ya watumishi wa serikali 10,308, wote watu wa ofisini. Waliona kwamba wale waliokuwa na uhuru mdogo wa kuamua juu ya kazi zao walipatwa zaidi na magonjwa ya moyo. Mwaka 2010 watafiti wawili, Annie Britton na Martin Shipley, waliyachukua majibu ambayo watumishi hao walikuwa wameyatoa walipoulizwa kama wanachoshwa na maisha yao ya wakati ule. Waliosema wamechoshwa sana walikuwa wamekufa kwa wingi zaidi, hasa kwa magonjwa ya moyo. Hata hivyo watafiti hao walieleza kwamba tofauti hiyo ilipungua walipohesabu mambo mengine, kama vile cheo cha chini, kutofanya mazoezi na afya dhaifu.

Maana yake ni nini kwetu? Kuchoshwa hakumwui mtu kama sumu. Lakini hakutembei peke yake. Hufuatana na kukaa kitini kutwa, kula chapati na soda kila saa nne ili walau kitu kitokee, sigara, bia tatu kabla ya kurudi nyumbani, na usingizi mbovu. Hao wenzake ndio wauaji. Mwajiriwa mwenye umri wa miaka arobaini anayepatikana na presha hupewa vidonge na kuambiwa apunguze chumvi, na hiyo ni sawa. Lakini mara ngapi huulizwa, "Kazi yako unaionaje?"

MAMBO MATATU YANAYOFANANA

Kabla ya kutafuta dawa, ni lazima kutofautisha hali tatu ambazo kwa nje zafanana.

Ya kwanza ni kukinai kazi. Hapa nguvu ipo, ila haina pa kwenda. Mtu huyu ofisini anasinzia, lakini Jumamosi kwenye mazoezi ya kwaya, shambani au kwenye mpira wa watoto anachangamka kama mwingine. Anachohitaji si kupumzika. Anahitaji kazi yenye maana au namna nyingine ya kuifanya.

Ya pili ni kuchakaa kwa kazi. Hapa nguvu yenyewe imekwisha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lililieleza jambo hili katika orodha yake mpya ya magonjwa, likifafanua kwamba lenyewe si ugonjwa bali ni hali itokanayo na msongo wa kazi uliodumu bila kushughulikiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuiona kazi kwa chuki au dharau, na kuona kwamba hufanikishi kitu. Mtu huyu hasaidiwi kwa kuongezewa majukumu mapya ya kumchangamsha. Anahitaji kupunguziwa mzigo na kupumzika. Hapa Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na inaweka saa 45 kuwa ukomo wa saa za kawaida za kazi kwa juma kwa wafanyakazi walio wengi. Kenya, sheria ya ajira ya mwaka 2007 inatoa likizo isiyopungua siku 21 za kazi. Twawajua watu wanaojisifu kwamba hawajachukua likizo kwa miaka minne. Hiyo si sifa.

Ya tatu ni sonona, na huu ni ugonjwa kamili. Mtu huwa na huzuni au hupoteza hamu ya mambo karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa majuma mawili au zaidi. Si ofisi tu iliyokosa ladha. Hata kwaya, chakula, watoto na tendo la ndoa havimvutii. Usingizi hutoweka au huzidi. Hujiona hafai. Wengine huwaza kwamba afadhali wafe. Mtu wa namna hii asisubiri likizo wala novena imalizike ndipo aende hospitali. Aende na aendelee na novena yake. Hospitali zetu kubwa, kama Muhimbili, Bugando na Mirembe, zina madaktari wa afya ya akili, na aliye mbali aanzie kituo cha afya kilicho karibu, atapewa rufani. Sonona hutibika kwa ushauri na kwa dawa. Akizungumzia kujiua asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na vitu vya hatari viondolewe karibu naye.

Kadhalika tusisahau mwili. Upungufu wa damu, kisukari na magonjwa ya tezi ya shingo humfanya mtu aonekane mvivu na mwenye mawazo. Vipimo vyake vyapatikana. Pima kwanza kabla ya kuilaumu kazi.

DAWA ZISIZOPONYA

Dawa ya kwanza ya uongo ni pombe. Humsahaulisha mtu kwa saa tatu, ikamwibia usingizi, na kesho yake saa nne inakuwa nzito mara mbili.

Ya pili ni simu. Mtu huichukua kwa dakika moja ili apumue, akainua kichwa baada ya nusu saa akiwa amechoka zaidi, tena ameona harusi, magari na safari za wenzake.

Ya tatu ni kuacha kazi kwa hasira. Wapo walioandika barua ya kuacha kazi Ijumaa mchana, na Jumatatu wakaanza kugundua kwamba walichokikimbia walikuwa nacho ndani. Evagrius aliliona hili: pepo wa adhuhuri alipenda sana kumwambia mmonaki ahame. Hatusemi mtu asihame kamwe. Twasema asihame saa sita mchana siku ya hasira.

Ya nne hutolewa na sisi wenyewe, nayo ni mahubiri. "Shukuru Mungu una kazi" ni maneno ya kweli, lakini yakisemwa ili kumfunga mtu mdomo hugeuka kuwa jiwe badala ya mkate. Mtu aweza kumshukuru Mungu kwa ajili ya chakula na bado akasema chakula hicho kinamuumiza tumbo.

YAFAAYO KUFANYWA

Anza kwa kusema. Mwambie mwenzi wako, au rafiki mmoja wa kuaminika, au padre wako, kwa maneno ya wazi: "Kazi yangu imenikinaisha, na naogopa." Kwa wengi sentensi hiyo ndiyo ngumu kuliko yote yanayofuata.

Kisha chukua daftari dogo. Kwa majuma mawili andika kila jioni mistari miwili: jambo gani leo lilinichosha moyo, na jambo gani lilinichangamsha hata kidogo. Usiandike hukumu, andika matukio. Baada ya majuma mawili utaona kitu ambacho hukukijua. Yawezekana si kazi unayoichukia, ni kikao cha kila asubuhi. Yawezekana hufurahi unapomwelekeza kijana mgeni wa kazi. Mganga hatibu bila historia ya mgonjwa, na daftari hilo ndiyo historia yako.

Tatu, igawe siku. Masimulizi ya mababa wa jangwani yasema kwamba Mtakatifu Antoni Abate alielemewa siku moja na hali hii hii, akamlilia Mungu. Akamwona mtu kama yeye ameketi akisuka kamba, kisha akainuka akasali, akaketi tena akasuka, akainuka tena akasali. Alikuwa malaika aliyetumwa kumfundisha. Wamonaki Wabenedikto, ambao twawafahamu Peramiho tangu mwaka 1898 na Ndanda tangu mwaka 1906, hadi leo huigawa siku yao hivyo hivyo: sala, kazi, kusoma, chakula, kazi, sala. Mfanyakazi wa ofisini aweza kufanya yake. Kazi ngumu kuliko zote iwekwe asubuhi, kabla ya saa nne, simu ikiwa kwenye droo. Kila baada ya saa moja ainuke, atembee, anywe maji. Saa sita asali Malaika wa Bwana. Ni dakika mbili tu. Chakula cha mchana asile mezani mbele ya kompyuta. Jioni ashuke kituo kimoja kabla ya kwake atembee. Shirika la Afya Duniani lashauri watu wazima wapate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, na kutembea nusu saa kwa siku tano kwatosha kutimiza hizo.

Nne, mtafute mtu aliye nyuma ya karatasi. Mwaka 2001 Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika juu ya wafanya usafi wa hospitali moja huko Marekani. Kazi ilikuwa moja, lakini baadhi yao waliiona kuwa ni kufagia tu, na wengine walijiona sehemu ya wanaowaponya wagonjwa: walizungumza nao, waliwaelekeza wageni, walipanga usafi wao kulingana na hali ya wodi. Hao wa pili ndio walioipenda kazi yao. Karani wa fomu naye aweza kuuliza: fomu hii ikikaa mezani kwangu siku kumi, ni nani anayesubiri? Pengine ni mjane anayesubiri mafao, au mwanafunzi anayesubiri ada. Mara moja kwa mwezi omba ukae dirisha la wateja uwaone watu hao kwa macho.

Tano, mwombe mkubwa wako wa kazi jambo moja lililo dogo na wazi. Usimwambie, "Kazi inanichosha." Mwambie, "Naomba madai ya wateja wa tawi hili niyashughulikie mimi tangu yanapoingia hadi wanapolipwa." Meneja hawezi kuukuta moyo wako, lakini ombi la namna hiyo aweza kulikubali au kulikataa. Akikataa, umejua ulipo.

Sita, ikionekana kweli kwamba kazi hiyo haitakufaa, jiandae kuondoka kwa utaratibu, na matayarisho yaanze kwenye hati ya mshahara. Wengi wetu hatufungwi na kazi; twafungwa na makato. Mkopo wa gari, mkopo wa kiwanja, mkopo wa kulipa mkopo. Mwenye makato ya miaka sita mbele yake hana uhuru wa kuchagua, hata kama ana ujuzi wa kutosha. Maliza deni, usiongeze jipya, weka akiba ya matumizi ya miezi kadhaa, jifunze hiyo kazi mpya jioni na Jumamosi, kisha omba kabla hujaacha. Hata kama hutaondoka mwishowe, utashangaa jinsi kazi ile ile inavyokuwa nyepesi kwa mtu anayejua kwamba yupo pale kwa hiari.

NENO KWA FAMILIA NA KWA WAKUBWA

Hapa twaomba ruhusa tuseme wazi. Katika familia zetu mwenye mshahara amegeuzwa bomba. Wadogo zake, wajomba, kamati ya harusi, kamati ya mazishi, kila mmoja anajua tarehe ya mshahara wake. Wanaompigia simu kuuliza, "Umetuma?" ni wengi. Wanaompigia kuuliza, "Unaendeleaje?" ni wachache. Kusaidiana ni uzuri wetu Waafrika, wala hatutaki kuuacha. Lakini familia inayokula jasho la mtu yapaswa pia kumfuta jasho hilo. Ndugu wakikaa kupanga ada za mwaka, wamuulize na yeye kama mzigo unabebeka, na wakubali jibu lake.

Wazazi nao wamsikilize kijana anayesema kazi waliyomchagulia imemshinda. Hatusemi wamkubalie kila kitu. Twasema wamsikilize hadi mwisho kabla ya kumkumbusha walichouza ili asome.

Kwa wakubwa wa kazi walio waamini wenzetu: mfanyakazi aliyekuwa hodari na sasa amepooza si lazima awe mwizi wa muda. Mwite, mwulize, msikilize. Mpe kazi anayoweza kuiona mwanzo wake na mwisho wake. Mwambie asante mbele ya watu akifanya vizuri, na mwambie faraghani akikosea. Hayo hayahitaji bajeti. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba sonona na wasiwasi hupoteza siku za kazi bilioni 12 duniani kila mwaka. Anayesema hana muda wa kusikiliza wafanyakazi ajue kwamba muda huo anaulipa kwa njia nyingine.

Na tusinyooshe kidole nje tu. Hata katika ofisi za parokia, shule na hospitali zetu wamo watumishi waliokaa kiti kile kile kwa miaka ishirini, wakiandika vyeti vya ubatizo na hesabu za zaka, bila mtu kuwauliza kama wangependa kujifunza jambo jingine. Neno "utume" lisitumiwe kufunika kazi iliyopangwa vibaya.

Jumuiya ndogondogo zina nafasi yake. Twawaombea wagonjwa, wafiwa na wasio na ajira, na ni vyema. Twaweza pia kuwaombea walio na ajira, kwa kuwataja wazi. Mtu aliyekaa pembeni akisikia sala hiyo atajua kwamba hali yake yaruhusiwa kutajwa nyumbani kwa Bwana. UWAKA na WAWATA waweza kutenga jioni moja kwa mwaka wakamwalika mwuguzi au mshauri nasaha azungumze juu ya msongo wa kazi, na mhasibu azungumze juu ya mikopo. Mambo hayo mawili yaende pamoja.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei. Katika Injili Yosefu hasemi neno hata moja, lakini watu wa kijijini walimjua kwa kazi yake, na Mwanawe walimtaja kwa kazi hiyo hiyo. Tumwombee kwake kila aliyekaa leo mbele ya meza asiyoipenda.

Na jioni ya leo, kabla ya sala ya familia, mwulize mwenzako swali hili badala ya lile la kila siku: "Leo kazini umemsaidia nani?" Akikosa jibu usimcheke wala usimshauri haraka. Kaa karibu naye, mnywe chai, umwache aseme.

Mungu awabariki. Toleo lijalo, akipenda, tutazungumzia usingizi.